Ushuhuda wa Tope: Mafuriko ya Kale katika Mashapo ya Ziwa na Swali la Gharika

Katika mafundisho ya Biblia sharikani ni sura chache zinazoleta maswali mengi kama Mwanzo 6 hadi 9. Mara Nuhu na safina wanapotajwa, msikilizaji mmoja, aghalabu kijana aliyepita sekondari, huuliza: Je, wataalamu wa ardhi wamepata alama za Gharika? Tumesikia wahubiri wakijibu kwa namna mbili. Wengine husema kwa haraka kwamba ndiyo, tope la Gharika limekwisha kuonekana, na sayansi imeithibitisha Biblia. Wengine hulikwepa swali na kusema kwamba hayo ni mambo ya imani, hayahusiani na udongo. Kwa maoni yetu, majibu yote mawili hutolewa bila kujua jinsi tope linavyosomwa. Katika makala haya tunakusudia kuieleza kazi hiyo ya kusoma: jinsi mafuriko ya mito ya zamani sana, ambayo hakuna mtu aliyeyaandika, yanavyotambuliwa kwa kuchunguza mashapo yaliyolala chini ya maziwa. Ndipo tutakapomrudia kijana wetu.

Mto uingiapo ziwani

Mto huchukua mchanga na udongo kwa sababu maji yake yana mwendo. Uingiapo ziwani mwendo hupungua na mzigo hushushwa: kokoto na mchanga karibu na mlango wa mto, udongo mwembamba mbali zaidi. Kila aliyesimama mahali mto mwekundu unapoingia katika ziwa lenye maji maangavu ameuona mpaka wa rangi mbili, na huenda amestaajabu kuona ile rangi nyekundu ikitoweka ghafula. Haikuyeyuka, imezama. Katika karne ya 19, François-Alphonse Forel, mtaalamu wa Uswisi aliyelichunguza Ziwa Geneva kwa miaka mingi, alieleza kwamba maji ya mto Rhône, kwa kuwa ni ya baridi na yamejaa tope, ni mazito kuliko maji ya ziwa. Kwa hiyo hupiga mbizi na kuendelea kutiririka juu ya sakafu ya ziwa, kama mto mwingine ulio chini ya maji.

Mto ukifurika, siku mbili au tatu huweza kuleta udongo mwingi kuliko miezi kadhaa ya kawaida. Udongo huo husambaa chini ya ziwa na kuacha utando wenye rangi na chembe tofauti na tope la siku zote. Mwaka unaofuata utando huo hufunikwa, na mwingine hufunikwa juu ya huo. Hivyo ziwa huandika, na hurasa za chini ndizo za kale zaidi.

Lakini si kila ziwa linafaa. Katika maziwa mengi minyoo na wadudu wa chini hulichimbua tope kama jembe linavyochimbua shamba, na maandishi yote yakachanganyika. Linalohitajika ni ziwa lenye kina kirefu, ambalo maji yake ya chini hayana oksijeni ya kutosha, hata viumbe hao wasiweze kuishi. Hapo matabaka hubaki kama yalivyowekwa. Zaidi ya hayo, majira ya mwaka yakiwa yanatofautiana sana, kila mwaka huacha tabaka zake mbili au tatu zinazojirudia, nazo zinaweza kuhesabiwa kama pete za shina la mti.

Aliyeifanya hesabu hiyo kuwa elimu kamili alikuwa Msweden, Gerard De Geer. Mwaka 1878 aliona karibu na Stockholm udongo mfinyanzi wenye mistari myembamba na minene iliyopokezana, uliowekwa na maji ya barafu iliyokuwa ikiyeyuka. Alitambua kwamba kila jozi ya mistari ni mwaka mmoja. Mwaka 1910 alieleza matokeo yake mbele ya mkutano wa kimataifa wa wanajiolojia uliofanyika Stockholm. Kutokana naye wataalamu wa nchi zote huliita tabaka la mwaka mmoja varvi, kwa kufuata neno la Kisweden.

Ziwa Ammersee

Ili tusiseme kwa ujumla mno, tuchukue ziwa moja. Ammersee liko Bavaria, kusini-magharibi ya mji wa Munich. Si ziwa kubwa: eneo lake ni kama kilomita za mraba 47 na kina chake kikubwa ni mita 81. Mto Ammer huingia upande wa kusini, ukitoka milimani. Njiani hupita Oberammergau, kijiji kijulikanacho na wakristo wengi kwa igizo la mateso ya Bwana, ambalo wenyeji waliliwekea nadhiri mwaka 1633 wakati wa tauni.

Watafiti walizamisha mabomba katika sakafu ya ziwa na kutoa miche mirefu ya tope, mfano wa miche ya sabuni. Walifanya hivyo mahali pawili, pamoja karibu na mlango wa mto na pengine mbali zaidi, kwa umbali wa karibu kilomita 2 kati yake. Mche ukipasuliwa katikati, mistari huonekana kwa macho, lakini macho hayatoshi. Vipande vya tope hukaushwa, humiminiwa gundi inayoganda, kisha husuguliwa hadi viwe vyembamba kupita unywele na kutazamwa kwa hadubini. Ndipo mwaka unapoonekana wazi. Masika huwakilishwa na maganda ya daiatomu, yaani mimea midogo sana ya majini ambayo ganda lake ni kama kioo. Kiangazi huwakilishwa na utando mweupe wa chokaa, unaojitenga na maji ya ziwa wakati wa joto. Vuli na baridi huleta mabaki ya mimea na vumbi la udongo, tabaka la rangi ya giza. Kisha masika tena.

Kati ya tabaka hizo za kawaida, mara kwa mara hujipenyeza tabaka la aina nyingine: chembe za mawe na udongo wa nchi kavu, zisizotengenezwa na ziwa lenyewe. Mche ukipitishwa chini ya mashine ya eksirei, mahali hapo huonyesha ongezeko la titani, madini yapatikanayo katika mawe na udongo wa nchi kavu. Likionekana mahali pote pawili, na likiwa nene zaidi karibu na mto na jembamba zaidi mbali nao, basi chanzo chake ni mto. Na kwa kuwa limekaa juu ya daiatomu za masika au katikati ya chokaa ya kiangazi, msomaji hupata kujua hata majira ya mwaka yalipotokea mafuriko. Tumeshangazwa sana na jambo hili: tukio la miaka 4,000 iliyopita, lisilo na shahidi yeyote, linaweza kuwekewa majira yake.

Hesabu ya mtu, hata hivyo, yaweza kukosea. Mwaka mmoja waweza kuwa hafifu usionekane, mwingine ukahesabiwa mara mbili. Kwa hiyo hesabu hurudiwa, tena hupimwa kwa njia nyingine. Majani na vijiti vilivyofukiwa katika tope hupimwa kwa kaboni 14. Huchaguliwa majani ya mimea ya nchi kavu kwa makusudi, kwa sababu mimea na konokono wa majini huweza kunyonya kaboni ya kale kutoka mawe ya chokaa na kuonekana wazee kuliko walivyo. Katika tope la karibuni zaidi maziwa ya Ulaya yana alama nyingine: mabaki ya majaribio ya mabomu ya nyuklia, yaliyofikia kilele mwaka 1963, na ya ajali ya Chernobyl ya mwaka 1986.

Kipimo kikubwa kuliko vyote ni kulinganisha tope na maandishi ya watu. Maji ya mto Ammer yamekuwa yakipimwa kila siku tangu mwaka 1926. Watafiti waliweka orodha ya mafuriko yaliyopimwa hadi mwaka 1999 kando ya orodha ya matabaka ya miaka hiyohiyo. Mwaka 1999 wenyewe haujasahauliwa huko, kwa kuwa mwezi Mei, wakati wa Pentekoste, sehemu kubwa ya Bavaria ilizama, na hata leo wenyeji huyaita mafuriko ya Pentekoste. Orodha hizo mbili zilikubaliana kwa kiasi cha kutosha kuonyesha kwamba matabaka ni ushuhuda wa mafuriko makubwa ya masika na kiangazi. Baada ya kumthibitisha shahidi katika miaka inayojulikana, iliwezekana kumsikiliza katika miaka isiyojulikana. Kwa muda wa miaka 5,500 ziwa hilo limehifadhi matabaka ya mafuriko zaidi ya 1,500, yaani wastani wa moja kwa kila miaka 3 au 4.

Wastani huo usitudanganye. Mafuriko hayakuja kwa kupishana sawasawa. Kuna vipindi vya miongo, hata vya karne, ambamo yanasongamana, na vingine ambamo ziwa ni tulivu. Watafiti waligundua kwamba vipindi vya mafuriko mengi vinaelekea kuangukia nyakati ambazo jua lilikuwa na nguvu pungufu kidogo, nao wanahusisha jambo hilo na mabadiliko ya njia za pepo za juu ziletazo mvua Ulaya ya kati. Tunataja hili kwa ufupi tu, maana lina mjadala wake.

Shahidi asemaye mengine

Tabaka nene la tope si lazima liwe la mafuriko. Tetemeko la ardhi huweza kuporomosha kingo za ziwa chini ya maji, na tope hilo likasambaa na kutulia kama tope la mto. Mlima huweza kuanguka. Mfano ulio bora unawahusu maaskofu wawili. Mwaka 563 Marius, aliyekuwa baadaye askofu wa Avenches, na Gregorius wa Tours, mwandishi wa historia ya Wafranki, waliishi katika siku ambazo mlima ulioitwa Tauredunum uliporomoka katika bonde la Rhône. Wote wawili waliandika habari hiyo, pamoja na habari ya maji ya Ziwa Geneva yaliyovamia miji ya pwani na kuua watu. Kwa karne nyingi wasomaji walishindwa kuelewa: mlima uliangukaje bondeni, nayo maji yakainuka hadi upande wa pili wa ziwa?

Mwaka 2012 watafiti wa Uswisi walitangaza kwamba wamepata katika kina cha ziwa hilo fungu la mashapo lenye urefu wa zaidi ya kilomita 10 na unene wa wastani wa mita 5, la karne ya 6. Kuanguka kwa mlima kulizitikisa kingo za tope mlangoni mwa Rhône, zikaporomoka chini ya maji na kusukuma wimbi kubwa, ambalo kwa hesabu zao lilifika Geneva likiwa na kimo cha takriban mita 8. Maandishi ya kanisa yalikuwa ya kweli, na tope likaeleza namna. Lakini angalia: mtu asiyekuwa na maandishi hayo, tena asiye mwangalifu, angeliona tope hilo na kutangaza mafuriko ya mto makubwa kuliko yote yaliyopata kutokea. Kwa sababu hiyo watafiti hawaulizi tu kama kuna tope. Huuliza chembe zake zimepangwaje, zimetoka wapi, zinapungua kuelekea upande gani, na kama maziwa ya jirani yana habari hiyohiyo.

Hata tabaka lililo la mafuriko kwa hakika lina mipaka. Unene wake si kipimo cha moja kwa moja cha kimo cha maji. Watu wakikata msitu na kulima milimani, mvua ileile huleta tope zaidi. Na mafuriko mengine hayaachi tabaka lolote.

Kumrudia kijana

Sasa tunaweza kumjibu. Luther mwenyewe alipenda kuhesabu miaka. Katika kitabu chake cha hesabu ya miaka ya ulimwengu, kilichotolewa mwaka 1541, alifikia kwamba mwaka 1540 ulikuwa mwaka wa 5,500 tangu kuumbwa. Kwa hesabu hiyo, na kwa miaka ya vizazi iliyo katika Mwanzo 5, Gharika yaangukia yapata mwaka 2300 Kabla ya Kristo. Na Askofu Mkuu James Ussher wa Armagh, katika karne ya 17, aliiweka mwaka 2348, jirani kabisa na hapo. Miaka hiyo imo ndani ya matabaka ya Ammersee. Na humo ziwa linaendelea na kazi yake: daiatomu, chokaa, giza, daiatomu, chokaa, giza, na mara kwa mara tabaka jembamba la mto uliofurika. Hakuna mahali ambapo mfululizo huo umekatwa na maji yaliyofunika dunia nzima.

Hatuoni heshima kwa Neno la Mungu katika kulificha jambo hili. Wala hatuoni faida katika kukimbilia Uru wa Wakaldayo, kama ifanywavyo mara nyingi mimbarani. Ni kweli kwamba mwaka 1929 Leonard Woolley alitangaza kwamba amepata huko tabaka nene la tope safi na kulihusisha na Gharika. Lakini tabaka za namna hiyo zilizopatikana Kishi na Shurupaki ni za nyakati nyingine, na Eridu, mji ulio karibu sana na Uru, hauna tabaka hilo. Ni mafuriko ya mito Frati na Hidekeli, ya mara nyingi, kila moja na eneo lake. Kwa watu waliokaa kwenye tambarare ile, mafuriko ya namna hiyo yalikuwa ni ulimwengu mzima kuzama, na ndiyo maana habari za gharika zilisimuliwa huko katika Atrahasi na Gilgameshi kabla ya kuandikwa kwa kitabu chetu cha Mwanzo.

Msomaji wa Mwanzo atauliza basi maandiko yetu yanasema nini ambacho majirani hawakusema. Hapa tunawaomba wanafunzi walinganishe Mwanzo 6:5 na 8:21. Uovu wa moyo wa mwanadamu umetajwa kabla ya maji na umetajwa tena baada yake, karibu kwa maneno yaleyale. Maji hayakuubadilisha moyo. Kilichobadilika ni azimio la Mungu: kwanza uovu huo ni sababu ya kuangamiza, kisha uovu huohuo watajwa pale anapoahidi kutoilaani tena nchi. Na agano la sura ya 9 limefanywa na kila chenye mwili, bila sharti. Mhubiri aliyetumia dakika zake zote kuwathibitishia watu tope la Uru hakufika hapa.

Tarehe 3 Desemba 2023, Jumapili ya kwanza ya Majilio, tope na mawe kutoka mlima Hanang viliporomokea Katesh na vijiji vya jirani, na watu zaidi ya 80 wakafa. Katika misiba ya namna hiyo hutokea daima mtu wa kusema, wakati mwingine akiwa na kola shingoni, kwamba Mungu amewaadhibu wa mahali pale. Yesu mwenyewe aliwataja watu kumi na wanane wa mnara wa Siloamu, na neno lake liko katika Luka 13. Kitabu cha Ammersee nacho kina mafuriko zaidi ya 1,500 katika bonde moja, na mengi yalikuja wakati ambapo hapakuwa na mhubiri wa kuyaeleza. Luther, katika hoja zake za Heidelberg za mwaka 1518, alitofautisha mwanateolojia wa utukufu na mwanateolojia wa msalaba, ambaye huliita jambo kwa jina lake lilivyo. Twadhani mlima unyonyao mvua hadi ukaporomoka unapaswa kuitwa hivyo kwanza, kabla ya neno lolote jingine kusemwa kaburini.

Nchini kwetu

Wasomaji watauliza kama maziwa yetu nayo yanasomwa. Yanasomwa. Ziwa Chala, lililo katika shimo la volkeno mpakani mwa Tanzania na Kenya, chini ya Kilimanjaro, lina matabaka ya mwaka yaliyo mazuri sana: jeupe la daiatomu za majira ya upepo na ukame, jeusi la majira ya mvua. Mwaka 2016 sakafu yake ilichimbwa hadi mashapo ya zamani mno, na sehemu ya juu, iliyo ya miaka 25,000, ilikuwa imekwisha kuchunguzwa kabla ya hapo. Lakini Chala hulishwa hasa na maji ya chini ya ardhi. Hakuna mto mkubwa uingiao humo. Kwa hiyo ni shahidi bora wa ukame, mvua na pepo, asiyeweza kuulizwa habari za mafuriko ya mto. Kila ziwa hushuhudia lililoliona.

Ugumu mwingine ni kwamba kipimo cha Ammersee kilitegemea vitabu vya mto vya tangu 1926, na mito yetu mingi haina kumbukumbu ndefu na kamili kiasi hicho. Huko Ujerumani, kabla ya vipimo hivyo, mafuriko yalichongwa kwa mistari katika kuta za majengo pamoja na makanisa, na kwa sababu hiyo mafuriko makubwa ya Julai 1342 yanajulikana mpaka leo kwa sikukuu ya Maria Magdalena. Sharika zetu zina vitabu vya ubatizo, ndoa na mazishi vinavyotunzwa kwa uangalifu. Mchungaji au mwinjilisti ambaye mtaa wake umefikiwa na maji anaweza kuandika katika kitabu hicho tarehe, saa, mto ulioleta maji, na rangi ya tope lililobaki, kisha akaweka alama ya kudumu ukutani pale maji yalipofika.